Galway kwa mwendo wa bibi: siku ya familia mjini na katika pabu zake

#1 – Mwanzisha uzi (Dublin)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mtu anapouliza humu kuhusu matembezi ya Ayalandi, majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaomshauri asithubutu kwenda na watoto kwa kuwa kila mtaa ni baa, na wapo wanaompa orodha ya baa kumi na mbili za kumaliza kwa usiku mmoja. Mimi ninaishi Dublin, huu ni mwaka wa sita. Aprili iliyopita nilimpokea mama yangu kutoka Tanga, nikamchukua pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 7, tukaenda kushinda na kulala Galway, magharibi kabisa mwa nchi. Ninaandika kwa sababu naona makundi yote mawili yanakosea jambo moja, nalo ni saa ya kuingia.

Kwanza niombe ruhusa ya kutumia neno «pabu». Nikiandika baa, msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu ataona spika kubwa mlangoni, taa za rangi na meza za plastiki zenye nembo ya bia. Pabu ninayoizungumzia ina sakafu ya mbao iliyochakaa, moto unaowaka ukutani, mzee anayesoma gazeti peke yake, na saa saba mchana utamkuta humo mama mwenye kigari cha mtoto akinywa supu. Pombe ipo, tena nyingi, na usiku wa Jumamosi mambo hubadilika kabisa, wala sitaki kulipamba hilo. Ila saa saba mchana na saa tano usiku ni nyumba mbili tofauti zenye mlango mmoja.

Treni kutoka stesheni ya Heuston huchukua takriban saa mbili na nusu. Stesheni ya Galway imepewa jina la Éamonn Ceannt, mmoja wa watu saba waliosaini tangazo la jamhuri la mwaka 1916 na kupigwa risasi na Waingereza, na iko hatua chache tu kutoka uwanja wa Eyre Square. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nichague mji huu kuliko mingine: ukishuka huhitaji teksi, na kutoka uwanjani hadi mtoni haifiki kilomita moja. Mama ana miaka sabini na magoti yake hayana utani, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba atakayepanga mwendo ni yeye.

Uwanjani tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Rais Kennedy wa Marekani alihutubia hapo Juni 1963, miezi michache kabla ya kuuawa, na bustani hiyo ikapewa jina lake. Ipo pia chemchemi yenye vipande vya chuma vilivyoachwa vishike kutu, vikiwa na umbo la matanga, iliyowekwa mwaka 1984 kuadhimisha miaka 500 ya hati ya mji. Bendera zinazopepea hapo ni za yale yanayoitwa makabila 14 ya Galway, na neno hilo lilimsumbua sana mwanangu mkubwa, ambaye alitaka kujua kila kabila lilizungumza lugha gani. Ukweli ni kwamba hazikuwa kabila hata moja. Zilikuwa koo 14 za wafanyabiashara, akina Lynch, Blake, Joyce, Martin na wenzao, walioutawala mji na biashara yake ya mvinyo na Hispania, na jina la makabila walibandikwa kwa dharau na askari wa Cromwell, jemadari wa Kiingereza aliyeivamia Ayalandi karne ya 17. Baadaye wakalivaa wenyewe kwa fahari.

Kutoka hapo unateremka Shop Street, mtaa wa waenda kwa miguu, ambako kila hatua hamsini kuna mtu anapiga muziki. Ngome ya akina Lynch bado imesimama, sasa ni benki. Nyuma ya kanisa la Mtakatifu Nikolasi, lililoanzishwa mwaka 1320, kuna ukuta wenye dirisha na fuvu lililochongwa, na hadithi yake ni hii: mwaka 1493 meya Lynch alimhukumu mwanawe kunyongwa kwa kumuua mgeni Mhispania, na kwa kuwa hakupatikana mtu mjini aliyekuwa radhi kuifanya kazi hiyo, alimnyonga mwenyewe. Wanahistoria hawaiamini sana. Mwanangu mdogo aliiamini, na kwa dakika kumi zilizofuata alitembea upande wa mama yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, hivyo soko lilikuwa limejaa kando ya kanisa. Mama alisimama mbele ya meza ya chaza akimtazama muuzaji anavyowafungua kwa kisu kifupi kinene na kumpa mteja ammeze mbichi, na limau juu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule bwana amekatiwa gesi nyumbani kwake.

Pabu ya kwanza tuliingia saa saba mchana: Tigh Neachtain, kwenye kona ya Cross Street na Quay Street, iliyoanza mwaka 1894. «Tigh» kwa lugha ya Kiayalandi ni nyumba ya fulani, na kweli ni nyumba. Aliwahi kuishi humo Richard Martin, mbunge aliyepitisha mwaka 1822 sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya ng'ombe na wanyama wengine wa kufugwa, mojawapo ya sheria za kwanza za aina hiyo duniani. Ndani kumegawanywa kwa kuta za mbao kuwa vijichumba vya watu watano au sita. Zamani, katika pabu nyingi za nchi hii, wanawake waliotaka kinywaji bila kuonekana walijificha katika vijichumba kama hivyo; mama yangu alikitwaa kimoja akakifanya baraza. Aliletewa chai ya birika pamoja na supu nzito ya samaki na kome, yenye maziwa, na mkate wa kahawia unaoumuliwa kwa magadi badala ya hamira. Mkate huo ndio chakula pekee cha Ayalandi alichoomba maelezo ya kukipika.

Mimi niliagiza painti moja ya Guinness, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu watoto walikawia. Mhudumu huijaza glasi robo tatu, huiweka pembeni, huendelea na wateja wengine, kisha hurudi kuimalizia. Muda huo bia huonekana ya rangi ya kahawia yenye vurugu, halafu weusi unapanda taratibu kutoka chini na povu jeupe linajikusanya juu. Mwanangu mkubwa aliweka pua kwenye glasi akatangaza kwamba mapovu yanashuka badala ya kupanda. Hakukosea: katikati ya glasi mapovu hupanda kwa wingi na kuivuta bia juu, kisha bia hiyo hurudi chini kwa kufuata ukuta wa glasi na kuyaburura mapovu madogo yaliyo karibu. Tukatumia robo saa kwa somo la fizikia, na bia ilikuwa bado haijaguswa. Malipo hufanyika kaunta, ukaja nayo mwenyewe. Na mtu akikununulia, jua umeingia kwenye zamu, nawe utatazamiwa ununue. Ukitaka kubaki na painti moja, kataa ya kwanza kwa shukrani, usingoje ya tatu.

Mchana uliobaki tuliuacha mtoni. Tao la Kihispania la mwaka 1584 ni kipande cha ukuta wa mji, na sehemu yake ilibomolewa na mawimbi yaliyotokana na tetemeko la Lisbon la 1755. Pembeni yake kuna makumbusho ya mji, ambayo hayana kiingilio na yana vyoo safi, jambo ambalo mwenye watoto atalielewa. Mto Corrib una kilomita sita tu, lakini unakwenda kama umechelewa mahali. Ng'ambo ni Claddagh, kilichokuwa kijiji cha wavuvi wenye mfalme wao, hadi nyumba zao za makuti, tuseme za nyasi, zilipobomolewa miaka ya 1930. Pete maarufu yenye mikono miwili iliyoshika moyo chini ya taji imepata jina lake hapo. Mama alikaa akitazama mashua nyeusi zenye matanga ya rangi ya damu ya mzee, ambazo zamani zilibeba mboji kavu ya kuchoma badala ya kuni kutoka Connemara hadi visiwa vya Aran, visivyo na kuni. Alisema tanga limekatwa vibaya, ila mwili wa chombo hana neno nao.

Jioni tulivuka kwenda pabu moja ya upande wa magharibi wa mto, ambako wapiga muziki hukusanyika. Hakuna jukwaa. Wanakaa kuizunguka meza yao wakitazamana, migongo ikiwa kwetu, kama watu wanaocheza bao. Fidla mbili, akodiani, filimbi ya bati, na zumari ya kiwiko, ambayo hewa yake hutoka kwenye mivukuto inayobanwa kwa mkono dhidi ya ubavu. Na kijana mmoja ana duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi, ameliweka pajani na kulipiga kwa kijiti. Jina lake ni bodhrán. Mama aliweka kikombe chini. «Hili si dufu hili?»

Saa tatu kasoro dakika tano mhudumu alikuja, akainama karibu na mke wangu, akamwonyesha saa ya ukutani na kuwatazama watoto. Tukaondoka. Sijajuta hata kidogo, na ndilo ninalotaka kulijadili nanyi.

#2 – Mchangiaji wa Nairobi

Asante kwa masimulizi, lakini niseme wazi kwamba nilisoma nikiwa nimekunja uso. Huku kwetu, tangu Sheria ya Mututho ya mwaka 2010, mtoto aliye chini ya miaka 18 hapaswi kukanyaga mahali pombe inaponywewa, na siku za kazi baa hazitakiwi kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mtu akisema baa, mimi naona usiku, na akisema mtoto ndani ya baa, naona kosa la jinai. Je, huko mnafanya hivyo kisheria au kwa mazoea tu? Na mtoto anajifunza nini akimwona baba yake na glasi saa saba mchana?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ni kisheria, na sheria yenyewe ina meno. Tangu marekebisho ya mwaka 2003, mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwamo bila mzazi au mlezi wake, na yeyote aliye chini ya 18 hatakiwi kuwamo baada ya saa tatu usiku. Kuanzia Mei hadi Septemba huongezwa hadi saa nne, kwa kuwa jua la Juni magharibi ya Ayalandi huzama baada ya saa nne usiku. Hafla ya faragha yenye mlo kamili ina nafuu yake. Mwenye nyumba naye anaweza kuweka saa ya mapema zaidi, au kukataa watoto kabisa, na wapo wanaofanya hivyo. Uliza mlangoni kabla ya kuvua makoti.

Umetaja saa kumi na moja, na hapo ndipo tofauti yetu ilipo. Sheria ya kwenu imeipeleka pombe usiku ili mchana ubaki wa kazi. Ya huku imewapa watoto mchana na kuwanyima usiku. Mimi sisemi ipi ni bora, nasema mgeni anayekuja na familia akifuata picha ya nyumbani ataingia saa ileile ambayo watoto wanatolewa.

La mwisho, mwanangu mdogo ana pumu. Tarehe 29 Machi 2004 Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, pabu zikiwamo. Bila hilo nisingemwingiza hata kwa supu. Kuhusu glasi ya saa saba, swali lako ni la haki. Aliona glasi moja iliyochukua saa nzima, na nilipendelea aone hivyo kuliko asimuliwe na wenzake.

#4 – Mchangiaji wa Muscat

Assalamu alaikum. Sisi asili yetu ni Unguja, na binti yangu anasomea udaktari Dublin, kwa hiyo nchi hiyo naijua kwa kuitembelea mara mbili. Nakushukuru kwa adabu ya maandishi yako. Hata hivyo, wasomaji Waislamu wa jukwaa hili wajue kwamba suala kwetu halimalizwi na chai ya birika. Wanazuoni wengi tunaowafuata wanakataza kukaa katika meza au baraza ambamo pombe inazungushwa, hata kama mkono wako haujaigusa. Je, Galway ina nini kwa mtu wa namna yangu, au ndiyo tutazame kupitia dirishani?

#5 – Mwanzisha uzi

Wa alaikum salaam, sheikh wangu. Sisi ni Walutheri, na sitajaribu kukupindisha katika jambo la dini. Muziki uleule wa pabu unaupata Shop Street mchana kweupe, bure, na baadhi ya wapigaji wa mtaani ni mafundi hasa. Soko la Jumamosi, makumbusho, mto na Claddagh havikudai umwone mnywaji hata mmoja. Mke wangu na watoto walikwenda pia Salthill, njia ndefu ya kando ya bahari ambayo wenyeji huitembea hadi mwisho, wakaupiga teke ukuta kisha wakageuka, bila kujua desturi hiyo ilitoka wapi. Watoto waliupiga mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ukiondoa pabu, utapoteza jioni tu. Mchana wote ni wako.

#6 – Mchangiaji wa Cork

Naishi Cork na ninapinga kwa heshima. Galway ni nzuri mwezi wa Aprili kama ulivyokwenda. Nenda wiki ya mbio za farasi, mwishoni mwa Julai, uone kama huyo bibi atapata hata benchi. Cork kuna Soko la Kiingereza, lililoanza mwaka 1788, ambako mtafurahia kutazama samaki na utumbo kuliko chaza watano wa kanisani, na juu ya kilima kuna kanisa la Shandon, ambamo mtoto anashika kamba na kupiga kengele mwenyewe, mji mzima ukamsikia akikosea wimbo. Pabu zetu pia hazikujaa watalii. Na bia nyeusi ya hapa ina ladha yake, ukimtajia mtu wa Cork Guinness atakuonyesha stesheni ilipo.

#7 – Mchangiaji wa Dar es Salaam

Naomba mambo ya vitendo. Mama yangu naye ana miguu mibovu. Je, mawe ya barabarani yanapitika? Na nikiwa na viza ya Uingereza au ya Schengen, ninaweza kuunganisha?

#8 – Mwanzisha uzi

Wa Cork, kengele nimekubali, tutakuja. Ila ngazi za mnara ule ni nyembamba, na bibi atabaki chini akisubiri.

Wa Dar, viza kwanza: Ayalandi haimo Schengen, na kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya utahitaji viza yake yenyewe, ile ya Uingereza haitakuvusha. Wapo waliokata tiketi wakidhani ni nchi moja. Usichanganye pia fedha: Galway ni yuro, ukivuka kwenda Belfast, upande wa Uingereza, ni pauni.

Kuhusu miguu, katikati ya mji ni tambarare, ingawa Quay Street ina mawe yanayoteleza mvua ikinyesha, na mvua itanyesha. Mwavuli uache, upepo wa Atlantiki utaugeuza. Nunua koti lenye kofia. Kosa letu lilikuwa malazi. Nyumba ya wageni, ambayo sitaitaja, ilituahidi chumba cha chini kwa ajili ya mama, tukafika tukakuta ni ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Omba ahadi hiyo kwa maandishi, nawe uwe na ujumbe wa kuwaonyesha. Nasi tulimpumzisha mama saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na bila mapumziko hayo kusingekuwa na jioni yoyote.

#9 – Mchangiaji wa Muscat

Narudi kwa jambo moja ulilolitupa kisha ukaondoka. Dufu nimelipiga tangu nikiwa na miaka tisa katika maulidi. Dufu halipigwi kwa kijiti; ni vidole na kiganja, na siri yote iko kwenye ukingo. Mama alisema «hili si dufu hili», halafu? Kijana alijibu nini?

#10 – Mwanzisha uzi

Nilidhani hakuna atakayeuliza.

Mama amekulia Ngamiani, akisikia madufu ya majirani kila mwezi wa Mfungo Sita, na nyumbani taarabu haikukosekana, kwa hiyo fidla na akodiani hazikumshangaza. Wimbo ulipoisha alinituma nimuulize kijana ngozi hiyo ni ya mnyama gani. Kijana akasema mbuzi, kisha akainuka na kumkabidhi ngoma yenyewe, jambo ambalo sikulitegemea, kwa kuwa watu wale hawapendi kuingiliwa mezani na mgeni hapaswi hata kukalia kiti chao kitupu. Mama hakukichukua kijiti. Aliliinua dufu mbele ya kifua, kidole gumba cha kushoto kikiwa chini ya ukingo, akapiga kwa vidole: mara ya kwanza taratibu, mara ya pili akakumbuka. Labda nusu dakika. Mwenye filimbi ya bati alijaribu kumfuata akashindwa, akacheka, akaacha. Mama akalirudisha, akavuta kanga yake juu ya koti la sufi, akaendelea na chai iliyokuwa imepoa.

Robo saa baadaye ndipo mhudumu alipokuja na habari za saa. Njiani kurudi, darajani, mama alisimama kupumzisha magoti akaniuliza kama yule kijana aliwahi kuumia, kwa sababu haoni ni kwa nini apige kwa kijiti ilhali vidole vyake vyote kumi alivihesabu na ni vizima.